Jinsi ya kufundisha watoto kukokotoa ujazo mpaka waelewe: mwongozo kamili, kuanzia mche wa sabuni mpaka simtanki

Walimu wenzangu, na nyie wazazi mnaokaa na watoto jioni na madaftari mezani, naandika hii manake kila mwaka nakutana na kitu kilekile. Mtoto wa darasa la sita unamuuliza ujazo ni nini, anakujibu "urefu mara upana mara kimo" bila hata kupumua. Unampa boksi lenye namba tatu anazidisha anapata 60, sahihi kabisa, alafu unamuuliza hizo 60 ni nini, ziko wapi humu ndani ya boksi, anakutazama tu. Amejua kuzidisha namba tatu, ujazo bado hajaujua. Na huyohuyo ndo akikutana na tanki la duara, au swali lililochanganya mita na sentimita, au tanki lililojaa theluthi mbili, anaanza kubahatisha, anazidisha kila namba anayoiona kwenye swali.

Mi siku hizi kanuni naileta baadae, kipindi cha tatu hivi, baada ya watoto kushika, kupanga, kujaza na kumwaga. Inakula muda, sikatai, nahesabu vipindi nane vya dakika 40, lakini ule muda unaurudisha wote baadae kwa sababu hufundishi tena maumbo mamoja mamoja. Ujazo wote wa miche (maumbo yenye uso uleule kuanzia mwanzo mpaka mwisho) pale shule ya msingi ni kitu kimoja tu: unajua tabaka la chini lina kiasi gani, alafu unajua yako matabaka mangapi. Basi. Mchemraba, mche mstatili, mche pembetatu, mcheduara (umbo la kopo), yote ni hilohilo. Mtoto akilishika hilo hana haja ya kukariri kanuni nne.

Vitu vya kuandaa

Hamna cha kununua sana. Tafuta udongo wa mfinyanzi kama debe moja, mche mmoja mzima wa sabuni ya kufulia, uzi, rula, maboksi matupu ya saizi tofauti, manila mbili tatu na gundi, makopo ya duara, mchanga mkavu uliochekechwa, fimbo 12 zilizonyooka zenye urefu wa mita moja moja, na bomba la sindano jipya la mililita 10 (bila sindano yenyewe, hiyo acha kabisa, usiilete karibu na watoto). Sarafu pia, kama kumi za aina moja. Kama shule ina jagi la kupimia lita ni vizuri, kama halina azima dukani kile kipimo cha lita moja wanachopimia mafuta.

Hatua ya kwanza: neno lenyewe

Usianze na namba. Andika ubaoni HABA NA HABA HUJAZA KIBABA, watoto wote wanaijua. Waulize kibaba ni nini. Wengi hawajui, wanaisema tu! Waambie kibaba ni chombo cha kupimia nafaka, vibaba vinne ni pishi moja, na watu wa pwani mpaka leo kwenye zaka ya fitri wanaongelea pishi. Alafu wapigie mstari neno HUJAZA. Kujaa, kujaza, ujazo. Ujazo ni kile kinachoenea ndani ya kitu mpaka kijae. Kiswahili hapa kimetusaidia sana, neno lenyewe limebeba maana, tatizo tunapita juu yake haraka tunakimbilia kanuni.

Hapohapo tenganisha ujazo na uzito, manake watoto wanavichanganya. Pishi ya mchele na pishi ya pumba zina ujazo sawa ila beba zote mbili uone ipi nzito. Wape kopo moja la mchanga na kopo lilelile la majani makavu, washike wenyewe.

Alafu nawapa mchezo ninaouita kamba, mkeka, ndoo. Kamba inapima kitu kinachokwenda upande mmoja, huo ndo urefu. Mkeka unafunika, unakwenda pande mbili, hilo ni eneo. Ndoo inajaa, ina pande tatu, huo ni ujazo. Sasa unataja kazi wao wanapiga kelele ni ya nini. Kuzungushia bustani ya shule uzio? Kamba. Kuweka vigae sakafuni? Mkeka. Kufukia shimo la taka kwa udongo? Ndoo. Alafu waulize kupaka rangi ukuta. Hapo darasa linagawanyika, wengine wanasema ndoo kwa sababu rangi inauzwa kwa lita, wengine mkeka kwa sababu ukuta unafunikwa. Waache wabishane hata dakika tano. Jibu ni kwamba ukuta unaupima kwa mkeka, rangi iliyo ndani ya kopo ndo unaipima kwa ndoo, na mtoto aliyebishania hilo hatakuja kuandika mita za mraba kwenye swali la tanki.

Hatua ya pili: dadu 24

Hizi dadu zitengenezeni wenyewe siku mbili tatu kabla. Weka vijiti viwili vyenye unene wa sentimita 2 sambamba juu ya meza, udongo katikati, sukuma kwa chupa kama unasukuma chapati mpaka chupa igonge vijiti. Umepata bamba lenye unene mmoja. Kata kwa uzi vipande vya sentimita 2 kwa 2. Anika kivulini, ukiweka juani zinapasuka. Zitasinyaa kidogo zikikauka lakini zinasinyaa zote pamoja kwa hiyo haiharibu kitu.

Kila kikundi kipewe dadu 24. Kwa nini 24? Kwa sababu zinapangika kwa njia nyingi. Kazi ni moja: pangeni dadu zote 24 ziwe boksi lililojaa, lisilo na pengo, alafu andikeni urefu, upana na kimo kwa kuhesabu dadu. Mkimaliza vunjeni mpange boksi lingine. Njia ziko sita, 1 × 1 × 24, 1 × 2 × 12, 1 × 3 × 8, 1 × 4 × 6, 2 × 2 × 6 na 2 × 3 × 4. Usiwaambie ziko ngapi, waache wazitafute, na ukiona kikundi kimesema 2 × 3 × 4 na 4 × 3 × 2 ni mbili tofauti, mwambie mmoja wao alilaze lile boksi ubavu. Ataona ni lilelile.

Kuna kitu watafika peke yao bila wewe kusema: zile namba tatu ukizizidisha unapata 24 kila mara. Mtoto atakayeligundua hilo atapiga kelele, mwache aje mbele awaambie wenzake. Usimnyang'anye.

Kwenye hatua hii tembea vikundini uangalie kosa moja kubwa. Chukua lile boksi la 2 × 3 × 4, liweke mbele ya mtoto, muulize limebeba dadu ngapi bila kuzidisha. Wako watakaokuambia 26. Wameipata wapi? Wamehesabu nyuso za mbele, ubavuni na juu, 12 na 8 na 6. Wengine wanazunguka pande zote sita wanasema 52. Yaani kwao boksi ni ngozi ya nje tu, ndani hamna kitu, na dadu ya pembeni wanaihesabu mara mbili mara tatu. Huyo usimkemee wala usimwambie "zidisha", vunja boksi mbele yake, tenga tabaka moja moja kama unavyopanga matofali, ahesabu tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Kosa hili likipita hapa ujue litakufuata mpaka darasa la saba.

Hatua ya tatu: matabaka

Hii ndo moyo wa somo lote, usiende haraka. Chukua boksi lililo wazi juu, mfano linaloweza kubeba dadu 5 kwa urefu na 4 kwa upana na 3 kwenda juu. Usilijaze! Panga mstari mmoja wa dadu 5 chini, mstari mmoja wa 4 upande wa pili ukianzia kona ileile, na kwenye kona hiyo panda juu mpaka ziwe 3. Boksi karibu lote ni tupu. Uliza: likijaa litabeba dadu ngapi?

Mtoto aliyeelewa anafikiri hivi, chini nitapanga mistari minne ya dadu tano tano, 20, hilo ni tabaka moja, alafu matabaka matatu, 60. Ambaye hajaelewa anajumlisha 5 na 4 na 3. Mwambie ajaze kweli, ahesabu.

Wakishafika hapo sasa ndo unaandika ubaoni kwa maneno yao: dadu za tabaka la chini × idadi ya matabaka. Chini yake unaandika eneo la kitako × kimo. Na ile urefu × upana × kimo wanaiona wenyewe kwamba urefu × upana ndo lile tabaka la chini. Hapo kanuni imezaliwa, hawajaikariri.

Hatua ya nne: mche wa sabuni

Sijui kama umewahi kulifikiria hili, kwamba lile neno la hesabu "mche" watoto wanalo nyumbani tangu wana miaka mitatu. Nenda kaninunulie mche wa sabuni. Mche ule ule! Lete mche mzima darasani, wafanye watabiri: nikikata hapa, uso wa kipande utakuwaje? Kata kwa uzi, onyesha. Nikikata pale? Uleule. Nikikata popote, ilimradi nimekata wima, uso ni uleule. Hiyo ndo maana ya mche kwenye hesabu, umbo ambalo ukilikata popote hivyo unapata uso uleule kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Na ule uso ndo kitako.

Hapa kuna mtego wa lugha, uuseme wazi. Neno kitako linawafanya watoto wadhani ni sehemu iliyokaa mezani. Ukilaza mche wa sabuni, kilichokaa mezani sio uso unaojirudia, ni ubavu. Kwenye mche mstatili haina shida manake upande wowote utakupa jibu sawa, lakini subiri ufike kwenye mche pembetatu, kama paa la nyumba au hema. Limelala chini kwa ubavu wa mstatili, na kitako chake ni ile pembetatu ya mbele. Mtoto anachukua eneo la mstatili ulioko chini anazidisha na kimo cha paa, anapata mara mbili ya jibu. Kwa hiyo mfundishe aulize kila mara: uso upi unajirudia?

Kata sasa kipande cha sabuni kwa urefu, kona mpaka kona ya ule uso, upate michepembetatu miwili. Iweke pamoja, mche mstatili. Itenganishe, kila mmoja ni nusu. Ndo maana kwenye pembetatu tunagawa kwa mbili. Mfano wa ubaoni: pembetatu yenye kitako sm 6 na kimo sm 4, mche wenyewe una urefu wa sm 20. Eneo la uso ni nusu ya 6 × 4, yaani 12. Mara 20, sm³ 240 (sentimita za ujazo 240). Angalia hapo kuna "kimo" cha pembetatu na "urefu" wa mche, wachore kwa chaki za rangi mbili, bila hivyo vinagongana.

(Vile vipande vya sabuni usitupe, vinawekwa kwenye sehemu ya kunawia mikono.)

Hatua ya tano: vizio, hapa ndo wengi wanaangukia

Kama kuna sehemu moja ya kukaa siku mbili ni hii. Mtoto anajua mita moja ni sentimita 100, kwa hiyo anaamini mita moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 100. Ina mantiki kwake! Ukimwambia tu "hapana ni milioni moja" atakariri leo kesho amesahau. Inabidi aione.

Anza na dadu zenu za udongo. Uliza: dadu hii ina upande wa sm 2, je ina sentimita za ujazo ngapi ndani yake? Karibu darasa zima watasema 2. Chora, kata dadu moja mbichi kila upande katikati, vinatoka vipande 8. Upande umeongezeka mara mbili, ujazo umeongezeka mara nane. Waache hiyo iwashtue kidogo. Waulize upande ukiwa mara tatu? Wenyewe watasema 27 baada ya kufikiri.

Kisha tengeneza boksi la manila lisilo na mfuniko, sm 10 kila upande. Lina sm³ ngapi? Tabaka la chini 10 × 10 ni 100, matabaka 10, jumla 1,000. Sasa jaza kipimo cha lita moja kwa mchanga mkavu, mimina ndani ya boksi. Linajaa vizuri kabisa. Lita moja ni sm³ 1,000. Kwa hiyo mililita moja ni sentimita moja ya ujazo, ndo ile alama iliyoandikwa kwenye bomba la sindano na kwenye kikombe cha dawa ya mtoto.

Alafu toka nje na zile fimbo 12. Funga kwa kamba mchemraba wa mita moja, mchemraba una kingo 12 na ndo maana ya fimbo 12. Ingiza watoto ndani wajikunyate, wanafurahi sana hapa na hawasahau. Weka lile boksi la manila kwenye kona. Yataingia mangapi? Chini 10 kwa 10, 100. Matabaka 10. Maboksi 1,000, na kila boksi ni lita moja, kwa hiyo mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Ni sawa na lile simtanki la lita 1,000 wanaloliona kwa jirani. Ni ile uniti moja kwenye bili ya maji. Ni ndoo 50 za lita 20. Na kama kila lita ina sm³ 1,000, basi mita moja ya ujazo ni 1,000 mara 1,000, milioni moja. Hapo milioni haijashuka kutoka mbinguni, wameijenga.

Nyongeza moja muhimu: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja hivi. Mtoto anayebeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani amebeba kilo 20, mwili wake unajua lita ni nini kuliko daftari lake. Tumia hiyo. Akikuletea jibu kwamba ndoo ina lita 20,000 muulize, ungeweza kuibeba? Hizo ni tani 20. Anafuta mwenyewe.

Kanuni ninayowapa kuhusu vizio ni hii tu, badilisha KABLA ya kuzidisha. Vipimo vyote viwe mita au vyote viwe sentimita, alafu ndo uzidishe. Na kama swali linataka lita, tumia sentimita kisha gawa kwa 1,000, au tumia mita kisha zidisha kwa 1,000. Waandike kizio kwenye kila mstari wa kazi, sio mwishoni peke yake.

Hatua ya sita: mcheduara

Panga sarafu kumi juu ya meza, moja juu ya nyingine. Huo ni mcheduara. Sarafu moja ni tabaka. Uso unaojirudia ni duara. Hamna kanuni mpya, eneo la kitako × kimo, ila safari hii kitako ni duara kwa hiyo eneo lake ni π (pai) × nusukipenyo × nusukipenyo. Naandika hivyo kwa kurudia, sio nusukipenyo kipeo cha pili, angalau wiki ya kwanza, manake wakiona ile 2 ndogo wengi wanazidisha kwa mbili. Nusukipenyo 7 wanaandika 14 badala ya 49.

Kama hawana uhakika na pai, chukua uzi uzungushe kopo, kata, alafu pima ule uzi kwa kipenyo cha kopo. Unaingia mara tatu na kipande kidogo kinabaki, karibu moja ya saba. Ndo 22/7 hiyo.

Mfano: kopo lina nusukipenyo sm 7 na kimo sm 10. 22/7 × 7 × 7 ni 154, mara 10 ni sm³ 1,540, yaani lita 1.54. Alafu chukua kopo lilelile ukosee makusudi, tumia kipenyo 14 badala ya nusukipenyo, unapata 6,160. Lita sita kwenye kopo la maziwa ya unga? Waonyeshe kwamba kosa la kipenyo halizidishi jibu mara mbili, linalizidisha mara nne. Kwenye maswali ya kuchagua mitego ya hivi huwa inawekwa, jibu la kosa linakaa pale palepale linamsubiri mtoto.

Mfano wa pili wenye mita: tanki lina kipenyo m 1.4 na kimo m 2. Nusukipenyo 0.7, eneo 22/7 × 0.7 × 0.7 ni 1.54, mara 2 ni m³ 3.08, lita 3,080.

Tahadhari, usitumie ndoo ya plastiki kama mfano wa mcheduara. Juu ni pana chini ni nyembamba, uso haujirudii. Mtoto akikuuliza mbona jibu letu halifiki lita 20 au linazidi, atakuwa sahihi. Tumia makopo.

Hatua ya saba: vitu visivyo na umbo

Jiwe lina ujazo gani? Halina urefu wala upana wa maana. Jaza kopo maji mpaka mdomoni kabisa, liweke ndani ya beseni kavu, tumbukiza jiwe taratibu kwa kulifunga uzi. Maji yaliyomwagika kwenye beseni yavute kwa bomba la sindano, mililita 10, 10, 10, hesabuni wote kwa sauti. Zikifika 70 jiwe lina sm³ 70. Hadithi ya Archimedes wa Sirakusa na taji la mfalme iwekeni hapa, watoto wanaipenda. Chagua jiwe linalozama zima, lisilo na vitundu.

Kama muda upo, na koni pia. Kata duara la manila lenye nusukipenyo sm 10, toa kipande cha nyuzi 144, kunja kinachobaki ukutanishe kingo. Umepata koni yenye mdomo wa nusukipenyo sm 6 na kimo sm 8. Sasa tengeneza mcheduara wenye nusukipenyo sm 6 na kimo sm 8, kata ukanda wa manila wa sm 37.7 kwa 8, ongeza sentimita moja ya gundi. Jaza koni mchanga, mimina kwenye mcheduara. Mara tatu, limejaa. Ndo maana ujazo wa koni ni theluthi. Waache watabiri kwanza, wengi watasema nusu.

Maswali ya maneno

Nawafanyisha hatua nne na sikubali mtu aruke. Chora. Andika vipimo vyote kwa kizio kimoja. Uso upi unajirudia. Kokotoa, alafu jiulize jibu linawezekana?

Swali la mfano: tanki la mstatili lina urefu m 3, upana m 2, kimo m 1.5, maji yamefika theluthi mbili, yatajaza ndoo ngapi za lita 20? Tabaka la chini 6, mara 1.5 ni m³ 9. Theluthi mbili ni 6. Lita 6,000. Gawa kwa 20, ndoo 300. Mtoto aliyejenga mita ya ujazo kwa fimbo hili swali analiona kichwani.

Wageuzie pia. Tanki lina kitako cha m 2 kwa m 1.5, nimemwaga lita 1,200, maji yamefika kimo gani? Lita 1,200 ni m³ 1.2, kitako ni 3, kwa hiyo 1.2 gawa kwa 3 ni m 0.4, sentimita 40. Ukiwapa haya ya kurudi nyuma utajua nani anaelewa matabaka na nani anazidisha tu.

Na hili moja ambalo naona halifundishwi: katoni yenye sm 25 kwa 20 kwa 20, itabeba michemraba mingapi yenye upande wa sm 10? Kwa kugawa ujazo, 10,000 kwa 1,000, ni kumi. Jaribu kupanga kweli. Urefu wa 25 unabeba miwili tu, sm 5 zinabaki, kwa hiyo ni 2 × 2 × 2, minane. Maji yanajaza kila pembe, maboksi hayafanyi hivyo. Kwa maji gawa ujazo kwa ujazo, kwa vitu vigumu angalia kwanza kila upande kama unagawanyika bila baki. Katoni ya sm 60 kwa 40 kwa 30 na vipaketi vya 10 kwa 8 kwa 5 haina shida, 6 × 5 × 6 ni 180, na kwa kugawa ni 180 vilevile.

Kazi ya nyumbani ya wiki ya mwisho: kila mtoto apime chombo kimoja cha maji cha nyumbani kwao kwa kamba na rula, pipa, sinki, beseni la mstatili, chochote, akokotoe lita, alafu akijaze kwa ndoo huku anahesabu. Alete namba zote mbili. Maji yaliyotumika yasimwagwe, yafulie.

Zikitofautiana kidogo ni sawa, chombo kina unene wake na ndoo haijai sawasawa kila mara. Zikitofautiana mara nne, muulize alipima kipenyo au nusukipenyo.